Robo Saa Hadi kwa Mke Mwenzangu

Mume wangu alioa mke wa pili Masasi baada ya kupewa kutunza viwanja viwili vya ndege badala ya kimoja. Watu huniuliza kipi kilitangulia, kiwanja au mke. Huwajibu kwamba kiwanja kilitangulia, maana bila kiwanja asingepata sababu ya kulala Masasi.

Kabla ya hapo alikuwa na kiwanja cha hapa Newala tu. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi, kuziba mashimo baada ya mvua, na kuangalia kwamba kile kitambaa kinachoonyesha upepo unavuma kuelekea wapi hakijachanika. Ndege zenyewe zilikuwa chache: ya madaktari, ya wapimaji wa ardhi, mara moja moja ya mkubwa fulani aliyekuja ziara. Wiki nyingi hakikutua kitu pale isipokuwa kunguru. Lakini akipigiwa simu kwamba kesho kuna ndege, mume wangu alinyoa ndevu na kuvaa viatu vya kamba, akasimama pembeni ya uwanja toka asubuhi, utadhani anapokea posa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikitoka kazini nilimpitia, tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye na fyekeo begani, mimi na madaftari ya wanafunzi kwapani. Hatukuwa na mazungumzo makubwa. Aliniambia mbuzi wa nani ameingia uwanjani, nami nilimwambia mtoto wa nani hajui kusoma. Hiyo ndiyo ndoa niliyokuwa nayo, na sikujua kuwa ni tamu mpaka ilipokatwa nusu.

Mtunzaji wa Masasi alipostaafu, walimwambia mume wangu ashike viwanja vyote viwili, wiki moja huku na wiki moja kule. Alirudi kutoka Masasi akisifia mboga. Kuna mama mjane anapika karibu na uwanja, alisema, anajua kuunga kisamvu. Wiki nyingine akasifia samaki. Nilipika kisamvu, akala, akasema kizuri, lakini hakusema kama alivyosema kile cha Masasi.

Siku aliyoniambia tulikuwa shambani kwetu Makote tunaokota korosho. Watoto wetu wawili walikwisha kuwa watu wazima, mmoja yuko Lindi na mwingine Dar es Salaam, kwa hiyo shamba zima lilikuwa letu na mabibo yaliyoanguka.

"Mama watoto," akaanza, "kuna jambo."

"Sema."

"Yule mama anayenipikia kule. Nataka kumwoa."

Niliendelea kutenga korosho na mabibo yake na kuzitia kwenye ndoo. "Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia kwa heshima."

"Basi heshima nimeiona," nikasema, nikahamia mkorosho mwingine.

Sikulia mbele yake. Sikwenda kwa wazee kulalamika. Dini yetu inamruhusu, na mshahara wake ulikuwa umeongezeka. Nilichofanya ni kumweka yule mwanamke mbali. Masasi si mbali, lakini mtu akitaka umbali, barabara ile humpa. Unateremka mlima kwa kona baada ya kona, unakula vumbi, unasubiri lori la korosho lililokata pumzi likupishe. Masika matope mekundu yanakamata magari, watu wanashuka kusukuma. Mume wangu akiondoka Ijumaa baada ya swala, nilimsindikiza kwa mawazo kona kwa kona. Nilijiambia kwamba mtu aliyesafiri hivyo hawezi kufika na moyo wa moto. Nilijiambia kwamba yule mwanamke yuko nchi nyingine, anazungumza lugha nyingine, na anachokipata ni mabaki ya mtu.

Ila barabara ile ile ilinikera upande wa pili. Alipokuwa akirudi kwangu alifika jua limekwisha kuzama, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, anaomba maji ya kuoga, anakula vijiko viwili, analala. Siku ya kwanza ya wiki yangu ilikuwa imekwenda. Nilihesabu moyoni kwamba yule wa kule anaagana naye taratibu, anamlisha mchana, halafu ananiletea mzigo uliochoka. Ikafika siku nikamshika mkono, nikampeleka kwa shehe wetu.

"Shehe," nikasema, "siku ya njia ni ya nani?"

Shehe alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Zamu inahesabiwa kwa usiku, binti yangu. Akilala kwako, ni yako."

"Hata akilala kama gogo?"

"Kulala ni kulala."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Tulirudi nyumbani, na zamu iliyofuata akafika usiku vile vile.

Basi ikaja siku ya ndege. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa uani naanika makopa ya muhogo, nikasikia mngurumo, nikajua ni ndege ya madaktari wa macho. Mume wangu alikuwa Masasi bado, nilimtarajia jioni, na uwanjani alimwachia jirani. Niliendelea na makopa yangu. Muda si mrefu nikaona mtu anapanda njia ya kwetu. Nilimtambua mwendo kabla ya sura. Alikuwa msafi, shati limenyooka, kope nyeusi.

"Umetoka wapi?" nikamwuliza, hata salamu nilisahau.

"Masasi."

"Mbona huna vumbi?"

Akacheka kwa sauti. Alikuwa na furaha ya kitoto ambayo sikuiona kwake miaka mingi. "Nimekuja na ndege! Rubani kaniambia, wewe kila siku unatupokea, leo panda. Mama watoto, kumbe ni hapo tu! Robo saa, kama imezidi imezidi kidogo. Hata chai niliyokunywa kule haijatulia tumboni."

Chai aliyokunywa kule. Niliinama nikageuza makopa ambayo nilikuwa nimekwisha kuyageuza.

Hakuona kitu. Alivuta kigoda, akakaa, akasimulia. Alieleza jinsi nyasi zilivyokimbia chini, jinsi masikio yalivyoziba. Kisha akasema, "Tulipopaa niligeuka nyuma, nikaona majabali ya Masasi, na pale chini bati la kule linang'aa. Kutazama mbele, nikaona ukingo wa mlima wetu! Pande zote mbili kwa pamoja. Kule na huku." Alinyoosha mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, akabaki nayo hivyo hewani.

Niliitazama ile mikono. Miaka yote ile nilikuwa nimemweka yule mwanamke nyuma ya mlima, nyuma ya kona na matope, na kumbe mume wangu anaweza kumwona kutoka juu ya paa langu, kama mtu anavyomwona jirani. Hapo tu. Usiku alipolala nilitoa ramani ya mkoa ninayofundishia, nikapima kwa uzi. Barabara ilikula uzi mrefu kwa kujipinda. Nilipounyoosha uzi moja kwa moja, Newala mpaka Masasi, ulitosha kidole changu cha kati tu. Niliukata ule uzi kwa meno.

Asubuhi nilimwambia, "Ndege inarudi lini?"

"Leo leo. Inakwenda kuchukua madaktari waliobaki Masasi. Kwa nini?"

"Nataka kupanda."

Akafurahi. Alidhani nimemwonea gere kwa kupanda ndege. "Nitamwomba rubani akuzungushe juu ya mji, uone nyumba yako."

"Sitaki kuzungushwa. Nataka kushuka Masasi."

Kikombe chake kilisimama njiani kuelekea mdomoni. "Kufanya nini?"

"Kuamkiana."

"Lakini ni zamu yako. Nimewahi kufika, sasa unaniacha?"

"Zamu ni yangu. Naitumia nitakavyo."

Rubani alikuwa mtu mzima wa bara, mpole, mwenye kofia iliyopauka. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu mwenyewe, sikumwachia mume wangu aseme. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, nadhani alielewa zaidi ya nilivyosema. "Kiti kipo, mama," akasema. "Ila ukiogopa usinishike mkono."

Sikuogopa. Nilikuwa na hasira, na hasira haiachi nafasi. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikajifunga kilemba, nikakaa nyuma ya rubani na mkoba mapajani. Ndege ilitetemeka, ikakimbia, ikaacha ardhi. Niliona mikorosho imepangwa kama watoto mstarini, mabati, visima vya maji ya mvua kando ya nyumba, shule yangu ndogo kama sanduku. Kisha ardhi ikaisha. Ule ukingo ambao maisha yangu yote niliuteremka kwa magari yanayolia, tuliuvuka kama mtu anavyovuka kizingiti. Barabara niliiona chini, nyembamba, inajikunja kunja, na gari moja linatambaa. Jua lilikuwa nyuma yetu na kivuli cha ndege kilitangulia mbele, kinapita juu ya mashamba bila kupunguza mwendo. Nilitaka safari iwe ndefu. Nilikuwa sijapanga maneno. Mara majabali ya Masasi yakatokea, makubwa na matupu, na rubani akasema, "Tunashuka."

Sikupata hata muda wa kukasirika vizuri.

Alikuwa amesimama kando ya uwanja. Nilimjua kwa sababu alikuwa peke yake na alikuwa anatweta. Alikuwa amesikia ndege, akaacha jiko, akakimbia, akidhani mume wetu amepata nafasi ya kurudi. Mimi nilikuwa nimemtengeneza akilini mwangu mrefu, mwembamba, nyusi zimechorwa, mwenye kicheko cha kumtoa mtu dukani bila chenji. Huyu alikuwa mfupi, amevaa aproni yenye madoa ya mafuta, mkono wa kulia una alama za kuungua. Na alikuwa na mimba. Si mimba ya kufichika.

Hakunijua. Alinipita kwa macho, akatazama mlango wa ndege nyuma yangu, akasubiri. Madaktari waliokuwa wanangoja wakaanza kupandisha masanduku yao. Alipoona hakuna mwingine anayeshuka, uso wake ulilegea. Ndipo akanitazama mimi, kitenge, kilemba, mkoba, akaelewa.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba."

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Yuko kwangu."

Niliipenda ile "kwangu" ilivyotoka. Niliona ilivyomfika, na nilifurahi.

Alinipokea mkoba. Nilitaka kuukatalia, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuushika. Nyumba yake ilikuwa chumba na ukumbi mdogo, na banda la kupikia nje. Bati ndilo lile lililomng'alia mume wangu kutoka juu. Nilipolikaribia lilikuwa na kutu upande mmoja. Ndani, kwenye msumari, lilining'inia shati la bluu. Shati lile nililitafuta nyumbani kwangu kila pembe, nikamlaumu mdogo wangu aliyekuja kututembelea kwamba amelichukua. Nilikuwa nimelibadilisha vifungo mwenyewe. Sasa liko hapa, limefuliwa, limepigwa pasi kuliko nilivyowahi kulipiga mimi.

Aliona ninachotazama. "Alilisahau," akasema.

"Halisahauliki shati kwa mwaka mzima."

"Basi nililizuia," akasema, sauti ndogo. "Siku zake za kule ni nyingi mno, dada. Nilitaka kitu kibaki."

 Aliniletea ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu, na chai ya maziwa. Ming'oko ilikuwa mizuri, na chai ilikuwa nzuri kuliko yangu, na niliula ule ukweli pamoja na kitafunwa.  Kisha akajifuta mikono kwenye aproni akasema, "Naomba nikuulize, usikasirike."

"Uliza."

"Kwa nini siku yake ya kuja huku unamchelewesha? Anafika giza limeingia. Anakula kidogo, analala. Siku yangu ya kwanza naipoteza kila mara. Nimemwambia akwambie, anasema anaona aibu."

Nilicheka. Sikukusudia, kilitoka tu. "Mimi namchelewesha? Anatoka kwangu akimaliza swala. Wewe ndiye unayenirudishia mtu usiku!"

"Wallahi anatoka hapa asubuhi. Gari linakaa stendi mpaka lijae."

"Na la huku linakaa vile vile."

Tulitazamana. Nilimwona anahesabu kichwani kama nilivyokuwa nahesabu mimi. "Kwa hiyo siku ile," akasema polepole, "hakuna kati yetu aliyeila."

"Imeliwa na mlima," nikasema.

Akacheka naye, akashika tumbo. Alikuwa na kicheko kizuri. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko shati. Nilikuwa nimekuja kumwona mtu wa kuchukia, na kama ningekutana naye kisimani au sokoni, angekuwa shoga yangu.

"Miezi mingapi?" nikamwuliza.

"Sita. Hakukuambia?"

"Kaniambia."

Alijua nadanganya. Alinimiminia chai nyingine, hakusema kitu, na kwa kule kutosema kwake nilimwonea wivu pia, kwa sababu mimi nisingeweza.

Nilirudi Newala kwa gari siku ile ile. Nilifika na vumbi kope zote. Mume wangu alikuwa barazani, hakwenda uwanjani wala shambani, amepika ugali ukaungua.

"Vipi?" akauliza.

"Mkeo mzuri."

Hakujua acheke au aombe radhi.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu mimba?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Niliingia ndani nikaoga. Nitasema ukweli, jibu lile lilinipoza kidogo. Angalau nilikuwa bado mtu wa kuogopwa.

Nilidhani kumwona kungenitibu. Haikuwa hivyo. Mwanzo nilimwonea wivu mwanamke asiye na sura, na ukichoka kumfikiria mtu asiye na sura, analala. Huyu sasa alikuwa na sura, na alama za kuungua mkononi, na namna ya kushika tumbo akicheka. Mume wangu akiwa kule nilijua amekaa kiti gani, na anatazama ukuta upi. Nilijua ladha ya chai anayokunywa. Nikawa natia maziwa mengi zaidi kwenye chai yangu, na mume wangu alipoisifia nilimjibu vibaya, akashangaa.

Mwenzangu alinipigia simu mara moja moja. Alianza kwa kuuliza dawa ya miguu kuvimba, maana mimi nilikwisha kuzaa wawili. Nilimjibu kwa kifupi. Akapiga tena kuuliza kama mtoto kutocheza siku nzima ni hatari. Nikamwambia akimbie zahanati, halafu nikakaa na simu mkononi mpaka aliponiambia wamemwona na mtoto anacheza. Siku ile nilijikasirikia.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Ilikuwa Jumamosi, wiki yangu, alfajiri, simu ya mume wangu ikaita. Nilisikia sauti ya mwanamke, si ya mwenzangu, ya jirani yake. Uchungu umeanza. Mume wangu alikaa kitandani, simu mapajani, akanitazama. Safari hii hakutazama viatu.

Nilikaa kimya. Watu wangedhani nilikuwa nafikiri. Sikuwa nafikiri kitu, nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikaa kimya ili aumie kidogo.

"Nenda," nikasema hatimaye.

"Ni zamu yako."

"Nimesikia. Nenda."

Alivaa koti la mvua, akapanda bodaboda mpaka stendi. Kabla ya kuondoka akakumbuka kwamba kuna ndege ya madaktari itatua asubuhi, na yule jirani anayemshikia kazi alikuwa msibani Kitangari. "Nitasimama mimi," nikamwambia. Nilichukua fyekeo lake nikaenda uwanjani. Niliona dimbwi moja kubwa, nikalifukia kwa kokoto kama nilivyomwona akifanya. Nilifukuza mbuzi. Mwenye mbuzi alinicheka, akaniuliza kama na mimi nimeajiriwa. Mvua ilikatika, mawingu yakapanda, na ndege ikatokea.

Rubani alikuwa yule yule. Alishusha watu wawili na maboksi, akaniona na fyekeo.

"Bwana yuko wapi?"

"Masasi. Mwenzangu anajifungua."

Akavua kofia yake. "Laiti angesubiri. Nakwenda Masasi sasa hivi, ningemchukua."

Sitaficha nilichokihisi. Nilifurahi. Nilimwona mume wangu huko mlimani, magoti ndani ya matope, anasukuma gari, na nikafurahi mpaka nikageuka upande asinione rubani. Haikupita hata dakika, simu ikalia ujumbe: gari limekwama, tunasubiri greda.

Kisha wazo lilinijia, na lilinijia mara moja, sikuligeuza geuza. "Nisubiri kidogo," nikamwambia rubani. "Nina mzigo mdogo."

"Nanywa chai hapa na kuangalia mawingu," akasema. "Yakishuka naondoka."

Nilikimbia nyumbani kama msichana. Kabatini nilikuwa na doti ya kanga mpya, nyekundu na nyeupe, niliyojiwekea ya Idi, haijakatwa wala kukunjwa pindo. Niliikunjua nikasoma maneno yake kwanza, nikaona hayana kijembe, nikaitia kwenye mfuko na sabuni na kipande cha flaneli kilichobaki toka enzi za wanangu. Nikapiga simu ya mwenzangu, akapokea yule jirani yake. "Mwambie mtu aende uwanjani," nikamwambia. "Kuna mzigo unakuja na ndege. Mwambie ni kutoka kwa bi mkubwa."

Nilirudi mbio, tope kisiginoni. Rubani aliuweka mfuko kwenye kiti kile kile nilichokalia mimi. Ndege ilipaa, ikauvuka ukingo, na nikajua kwamba mahali fulani chini yake mume wetu anainua uso kusikiliza mngurumo.

Alipiga simu alasiri. Sauti yake ilikuwa na uchovu, na ilikuwa na kitu kingine.

"Mtoto wa kike," akasema. "Wote wazima."

"Alhamdulillahi."

"Mama watoto, nimefika hapa na matope mpaka kiunoni. Nakuta mtoto amefungwa kanga mpya. Namwuliza mama yake imetoka wapi, anacheka tu. Anasema ni yako. Imefikaje kabla yangu?"

"Muulize rubani."

 Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke, imechoka, inasema, "Mwambie dada ahsante." Kisha nikasikia mtoto analia, kwa mara ya kwanza, na nikaikata simu haraka kwa kisingizio cha chaji.

Pale mtaani kwetu habari ile ilinipa sifa. Mama mkwe wangu alikuja kunipongeza, akasema maneno marefu ya Chimakonde kuhusu moyo wangu. Nilimkaribisha, nikampa uji, sikumsahihisha. Lakini haikuwa moyo, au haikuwa moyo peke yake. Nilitaka kitu cha kwanza kumgusa yule mtoto kiwe changu. Nilitaka, mume wangu akiinama kumtazama binti yake, anione mimi pale. Kama ningeweza kuingia mwenyewe kwenye mfuko ule, ningeingia.

Sasa yule mtoto anakimbia. Ana masikio ya baba yake, yaliyosimama kidogo, na ananiita mama mkubwa kwa sauti inayosikika nyumba ya tatu. Shule zikifungwa baba yake humleta. Mtoto hulala kitandani kwangu, si kwenye godoro nililomwandalia, na anapenda kukaa chini ya meza wakati ninasahihisha madaftari. Mume wangu akienda Masasi wiki ya mwenzangu, bado nasikia ule wivu Ijumaa mchana, haujaondoka na sidhani kama utaondoka. Mimi huosha vyombo vilivyo safi. Ila siku hizi mtoto huwa ananiuliza mbona naosha tena, nami humwambia aje anisaidie kufuta.

Juzi mama yake alipiga simu. Tuliamkiana, tukaulizana hali, akaniambia mauzo ya chakula yamekuwa mazuri. Kisha akauliza mtoto atarudi lini, maana amemkumbuka.

Nilimtazama mtoto. Alikuwa mlangoni amejifunga kanga yangu, anamfundisha paka kuhesabu.

"Njia mbovu sana wiki hii," nikamwambia. "Mvua imeharibu mlima."

Haikunyesha Newala wiki nzima. Mlima ulikuwa mkavu, magari yanapita.

Upande wa pili nilisikia mwiko ukikoroga sufuria. "Sawa, dada," akasema. "Mpaka itengemae."